MAJI MACHACHE KWA SHAMBA LA MBALI

Ndugu Mkulima,

Labda wewe nawe unalo shamba la namna hii. Nyumba yako iko kijijini, karibu na bomba au kisima, lakini kipande chenye udongo mwema kiko mbali, mwendo wa dakika 40 kwa miguu, ukingoni mwa pori. Mvua ikinyesha vema, kipande hicho hulisha jamaa yako. Mvua ikikatika majuma matatu, wasimama kando ya mimea inayonyauka, una dumu moja kichwani, wala hujui uanzie shina gani.

Mimi ni mwalimu wa ukulima katika nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Upare, upande wa Same, na kazi hii nimeifanya miaka mingi. Nimewaona wakulima wengi wakiyaacha mashamba yao ya mbali, si kwa uvivu, ila kwa kuwa maji ya kuchukua kichwani hayatoshi. Katika karatasi hii nataka kukuonyesha ya kwamba mara nyingi shida yetu si uchache wa maji tuyapelekayo, bali ni wingi wa maji tuyapotezayo tukiisha kuyafikisha. Njia nitakazozieleza hazihitaji injini wala mkopo. Zahitaji jembe, mfinyanzi, majani makavu, na mtu mwenye subira ya kuhesabu.

1. Kwanza hesabu maji yako

Twaa tuta moja la mboga, lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1. Katika siku za kiangazi zenye jua kali na upepo, tuta hilo likiloweshwa lote juu kwa juu, jua na mimea pamoja huweza kuchukua maji kadiri ya lita 6 katika kila mita ya mraba kwa siku moja. Jumla yake ni lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20. Kama maji yako mwendo wa dakika 40, kwenda na kurudi ni dakika 80, na safari 3 ni saa 4. Hayo ni ya tuta moja tu, tena ni ya kila siku.

Basi tujiulize kwa kweli: ni nani achukuaye madumu hayo? Si baba mwenye shamba. Ni mama, na baada ya mama ni binti. Saa 4 hizo hutolewa katika usingizi wa mama na katika masomo ya binti. Kwa hiyo dumu moja lililookolewa si jambo dogo.

Sasa tazama maji hayo yaendako. Ukimwaga juu ya udongo mtupu wakati wa jua, sehemu kubwa hurudi hewani kabla mzizi haujaonja. Sehemu nyingine hunywesha magugu. Nyingine huteremka kwenye mteremko na kwenda zake. Mmea wako hupata masalio. Kazi yetu yote ni kuugeuza mgawanyo huo, mmea upate kwanza.

2. Kosa nililolifanya mimi

Kabla sijakufundisha lililo jema, yanipasa nikuambie nililolikosea, usije ukalirudia.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mjane mmoja katika kijiji nilichokihudumia, mwenye binti wawili na shamba la mbali lililopakana na pori ambalo wanyama wa Hifadhi ya Mkomazi hupita. Nilimshauri achimbe bwawa dogo katika pembe ya chini ya shamba, alisiribe kwa udongo wa mfinyanzi, maji ya mvua za mwisho yaingie humo, kisha ayateke kwa ndoo wakati wa kiangazi. Alichimba majuma mawili pamoja na binti zake. Bwawa likajaa. Akapanda nyanya na maboga, nayo yakastawi hata nikawaleta wakulima wengine waje kuyaona.

Usiku mmoja katika mwezi wa Agosti, pori lilipokuwa limekauka lote, tembo wakaja. Walikunywa, wakaoga, wakayala maboga, na walipoondoka hapakusalia tuta moja lililosimama. Asubuhi nilifika nikamkuta ameketi juu ya ukingo wa bwawa. Hakunigombeza. Aliniambia, “Bwana Shamba, umewaalika wageni, nami sina chakula cha kuwapa.”

Maneno hayo sikuyasahau. Nilikuwa nimelifikiria jua, nisiwafikirie walio na kiu kama sisi. Katika nchi kavu, maji yaliyo wazi katika shamba la upweke ni mwito kwa tembo, nguruwe, nyani na ng'ombe wa jirani pia. Tena bwawa hilo hilo jua lilikuwa likilinywa mchana kutwa, na mbu walizaliana humo. Tangu siku ile kanuni yangu ni hii: katika shamba la mbali, maji yakae chini ya udongo kadiri iwezekanavyo.

3. Shika maji ya mvua papo hapo yaangukiapo

Maji yaliyo rahisi kupita yote ni yale ambayo hukuyachukua. Mvua ikianguka juu ya ardhi iliyofungamana, hutiririka. Yafaa uichimbie mahali pa kusimama.

Kwa mahindi, mtama na mbaazi, chimba mashimo wakati wa kiangazi, kabla ya mvua. Kila shimo liwe na upana wa sentimita 20 hadi 30, yaani shubiri moja na kidogo, na kina cha sentimita 10 hadi 20. Udongo unaoutoa uuweke upande wa chini wa mteremko, uwe kama ukingo. Tia konzi mbili za samadi iliyooza, kisha funika kwa udongo kidogo. Mashimo ya mstari wa pili yasimame katikati ya yale ya mstari wa kwanza, ili maji yaliyoponyoka juu yanaswe chini.

Namna hii si mpya. Katika Burkina Faso, mkulima mmoja, Yacouba Sawadogo, tangu miaka ya 1980 alitengeneza upya mashimo ya wazee wake, yaitwayo zai, katika ardhi ambayo wengine walisema imekufa. Aliyapanua, akayatia samadi, akapata mtama na hata msitu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, naye alifariki mwaka 2023. Alianza na jembe kama lako.

Kwa maboga, matikiti na miti ya matunda, fanya tuta la nusu mwezi, mdomo wake ukielekea juu ya mteremko, na mmea ukae katika kitovu chake, mahali maji yatuamapo.

Kisha tandaza. Majani makavu, mabua ya mahindi, au magugu yaliyong'olewa kabla ya kuzaa mbegu, yalazwe juu ya udongo kwa unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Matandazo huukinga udongo na jua, nao hubaki na unyevu siku nyingi zaidi. Kama mchwa ni wengi, tandaza baada ya mmea kupata nguvu, tena uangalie mara kwa mara.

4. Mtungi uliozikwa

Sasa nafika kwenye njia ambayo, kwa mboga za shamba la mbali, sijapata iliyo bora kwa gharama ndogo namna hii. Ni ya kale sana. Kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi, kilichoandikwa Uchina katika karne ya 1 kabla ya Kristo, chaeleza mtungi uliozikwa katikati ya mbegu za matikiti, mdomo wake ukiwa sawa na ardhi, umefunikwa kwa kigae.

Kazi yake ni hivi. Mtungi wa udongo uliochomwa bila kung'arishwa una vitundu vidogo mno visivyoonekana. Ndiyo sababu maji ya mtungini hupoa, kwa kuwa mtungi hutoa jasho. Ukiuzika, udongo mkavu wa nje huyavuta maji polepole kupitia ukuta wa mtungi. Udongo ukiisha kushiba, mvuto hupungua na maji hubaki ndani. Mimea ikinywa, udongo hukauka, nao huvuta tena. Kwa hiyo si wewe upimaye kiasi cha maji, ni kiu ya udongo wenyewe. Juu ya tuta pabaki pakavu, magugu hayapati maji, na jua halina kitu cha kunyang'anya.

Fanya hivi:

Kwanza, agiza kwa mfinyanzi mitungi ya lita 5 hadi 7, yenye tumbo pana na shingo nyembamba. Mwambie asiing'arishe kwa jiwe, asiipake rangi wala utomvu. Mtungi mkuukuu wa maji, usio na ufa, wafaa pia. Chungu kilichopikiwa hakifai, maana mafuta yameziba vitundu vyake.

Pili, ujaribu kabla ya kuulipia. Ujaze maji, uuweke kivulini usiku kucha. Asubuhi nje yake pawe na unyevu kama paji la uso la mtu aliyelima. Ukiwa mkavu kabisa, hautoi. Ukitiririka, una ufa.

Tatu, chimba shimo lenye upana mara mbili ya mtungi. Changanya udongo uliotoka na samadi. Uweke mtungi ili mdomo utokeze juu ya ardhi kwa vidole viwili, maji ya mvua yasiingize tope. Rudisha udongo ukiushindilia kwa mkono pande zote, kwa sababu palipo na mwanya kati ya mtungi na udongo, maji hayapiti.

Nne, ujaze, uufunike kwa kigae au kibao, na juu yake uweke jiwe zito. Nyani hujua kufunua, na panya hutumbukia. Ngoja siku mbili, udongo ulowe.

Tano, panda kuuzunguka, kwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani mwake. Mtungi mmoja huchukua mashina 3 au 4 ya nyanya, au mashina 2 ya maboga, au duara la mchicha. Siku za kwanza nyweshea mbegu kwa kata ndogo, mpaka mizizi iufikie unyevu. Kisha tandaza majani.

Sita, ongeza maji kabla hayajapungua chini ya nusu. Yachuje kwa kitambaa, maana tope huziba vitundu. Msimu ukiisha, ichimbue mitungi, isugue kwa brashi ya nyuzi za katani, iloweke, uianike. Kama maji yenu yana chumvi, kazi hii usiiache, kwani chumvi huganda ukutani.

Sasa turudie hesabu yetu. Tuta la mita 10 lenye mitungi 10 ya lita 6 hutaka lita 60 kuijaza yote. Katika udongo wetu wa kichanga, mimea ikiwa imekua, maji hayo yalitosha siku 3 hadi 4. Tukichukua siku 4, madumu 3 yaliyotumika kila siku sasa yatumika mara moja kwa siku 4. Ni robo ya kazi ya kwanza. Mwenye punda apeleka madumu 3 kwa safari moja, naye apumzisha kichwa cha mama na cha punda pia siku nyingine.

Lakini nisikudanganye. Mtungi haufai kwa shamba zima la mahindi, utafilisika kwa kununua. Katika udongo mzito wa mfinyanzi maji hutambaa polepole, basi ichanganye samadi nyingi zaidi. Na mtungi huvunjika, kwa hiyo mwenye mitungi 10 anunue 11.

5. Asiye na mfinyanzi

Kama mfinyanzi hayupo, chupa za plastiki zitasaidia kidogo. Toboa kitundu kimoja kwa sindano ya moto karibu na mfuniko, uizike chupa kichwa chini kando ya mche, ukate kitako chake upate pa kutilia maji. Yafaa kwa miche ya mipapai na miembe. Maji yake huisha upesi kuliko ya mtungi, wala haiachi mmea unywe kwa kadiri ya kiu yake. Zikiisha kazi, zikusanye, usiziache zikaliwe na mifugo.

Mwenye fedha kidogo aweza kununua ndoo na mipira ya matone. Ndoo huwekwa juu ya kichanja chenye urefu wa mita 1, na maji hushuka yenyewe hadi kwenye kila shina. Ni njia njema, lakini sharti maji yachujwe vizuri, na mipira huumwa na panya. Mkulima wa shamba la mbali asiyefika kila siku huenda akakuta tundu moja limemaliza ndoo nzima.

6. Maji yaliyo karibu kuliko unavyodhani

Kabla ya kuchukua kutoka mbali, tazama mambo matatu.

La kwanza ni paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Kibanda cha shamba chenye bati la mita 3 kwa 4 kina mita 12 za mraba. Mvua ya milimita 60 hutoa lita 720, na tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zabaki lita 576. Hizo zakaribia kujaza mapipa 3 ya lita 200. Mapipa 3 yaliyojaa ni lita 600, nayo hujaza mitungi yako 10 mara 10. Kwa siku 4 kila mara, ni siku 40. Siku 40 zatosha kuvuka pengo kubwa kati ya mvua na mvua. Yafunike mapipa kwa sababu ya mbu. Lakini palipo na njia ya tembo usiyaweke shambani, na wenyewe hawashindwi kulipasua pipa. Yakae nyumbani, punda ayapeleke maji.

La pili ni mchanga wa korongo. Korongo linaloonekana limekauka mara nyingi lina maji chini ya mchanga wake, na maji hayo jua haliyafikii. Chimba mahali palipo na kizuizi cha mwamba, au mahali ambapo miti ya kandoni ni mibichi kiangazi kizima. Ukiisha kuteka, kifunike kisima kwa miiba. Pampu ya kukanyaga kwa miguu huweza kuvuta maji yaliyo na kina cha hadi kama mita 7. Kikizidi hapo, pampu ya kuvuta haifai, hata ukanyage namna gani.

La tatu ni mifereji ya wazee. Huko Upare wazee walijenga ndiva, mabwawa ya udongo yaliyojaa usiku kutoka mferejini na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, na Wachaga walichimba mifongo kutoka milimani. Mahali ilipo mifereji kama hiyo, ingia katika chama cha watumiaji, ushike zamu yako na kazi ya kuisafisha. Usichepushe mto peke yako. Uliza kwanza ofisi ya maji ya bonde lenu.

7. Juu ya wanyama

Sisemi ya kwamba mtungi humzuia tembo. Tembo hunusa mboga, tena ajua kuchimba maji. Nasema tu ya kwamba usimwekee karamu. Panda maboga na matikiti karibu na nyumba, na katika shamba la mpakani panda pilipili, ufuta au alizeti. Kamba iliyopakwa pilipili iliyosagwa na mafuta machafu ya gari, ikizungushwa shambani, huwasumbua tembo pua. Huko Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, wakulima walitundika mizinga ya nyuki juu ya waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki. Mizinga haikuwazuia tembo wote, lakini ilipunguza waliovunja, na asali iliuzwa. Wakija hata hivyo, usitoke na rungu usiku. Wape habari askari wa wanyamapori. Tuta hupandwa tena.

Maneno ya mwisho

Yule mjane nilirudi kwake mwaka uliofuata, nikamwomba radhi. Nilimletea mitungi 2, nikamwambia aijaribu kwanza, asiniamini tu. Alilifukia bwawa lile, akaizika mitungi mahali pake. Baada ya mwezi mmoja alikwenda mwenyewe kwa mfinyanzi akanunua 10. Binti yake mkubwa, ambaye alikuwa akienda kwa maji kabla ya alfajiri na kufika shuleni amechelewa, sasa alikwenda shambani Jumatano jioni na Jumamosi. Nyanya hazikuwa nyingi kama zile za mwaka wa bwawa. Lakini hizi walizila wenyewe, na nyingine wakaziuza.

Nawe fanya vivyo hivyo. Usibadilishe shamba zima kwa msimu mmoja. Zika mitungi 2 katika tuta moja, na tuta la pili limwagilie kama desturi yako. Andika madumu unayotia katika kila moja, na matunda unayoyachuma. Mwisho wa msimu weka hesabu hizo mbili kando kwa kando, kisha uamue.

Ukifaulu au ukishindwa, uje uniambie. Aliyeshindwa atanifundisha zaidi, kama alivyonifundisha yule mama.

Ni mimi,
Mwalimu wako wa ukulima